Tahadhari: Picha ya Mzee Isitoke Kabla Hajairuhusu

Kila anayejiandaa kuwapelekea wazee simujanja ili wapige picha za maisha yao kwa ajili ya utafiti, asimame kwanza. Namwambia mwanafunzi wa uzamili anayefunga begi kwenda kijijini, afisa mradi aliyekwisha kufungua grupu la WhatsApp la wazee na wasaidizi wao, mhadhiri anayesimamia tasnifu, na mjumbe wa kamati ya maadili atakayewekewa ombi mezani wiki hii ili alipitishe. Namna picha hizo zinavyopigwa, zinavyotumwa na zinavyohifadhiwa sasa hivi inaweza kumdhuru mzee, na kuna wilaya ambako madhara hayo hayaishii kwenye aibu. Yanafika kwenye panga.

Njia yenyewe ni njema, na ndiyo maana naipigia kelele. Watafiti huiita fotovoisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake 62 wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China. Wanawake wale walipewa kamera wakapiga picha za kazi zao, za watoto wao na za mazingira yao, wakakaa pamoja kuzijadili, kisha picha na maelezo yao yakafikishwa kwa wenye mamlaka. Mwaka 1997 Wang na Burris walichapisha makala iliyoeleza njia hiyo kwa ukamilifu, na mpaka leo wanafunzi wanaisoma. Msingi wake mmoja waliuchukua kwa Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyeamini kwamba mnyonge ana uwezo wa kuyachambua maisha yake mwenyewe bila kusubiri msomi aje kumsemea.

Kwa mzee, fotovoisi inafanya kazi ambayo dodoso haliwezi. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukuonyesha ngazi ya zahanati isiyo na mahali pa kushika, choo cha shimo anachoogopa kukiingia usiku, au bomba lililo karibu na nyumbani ambalo halitoi maji, kisha akakueleza kwa maneno yake kwa nini ameipiga picha hiyo na si nyingine. Ukimsikiliza kwa makini utajifunza kuhusu uzee mambo usiyoyakuta kwenye ripoti. Sitaki njia hii ipigwe marufuku. Nataka isije ikaua watu halafu ndiyo ipigwe marufuku.

Tatizo lilianza pale kamera ya filamu ilipoondoka na simu ikashika nafasi yake. Filamu ilikuwa na picha 24 au 36. Ikijaa ilipelekwa studio, ikasafishwa, picha zikarudi ndani ya bahasha, na mtu wa kwanza kuzitazama kwa utulivu alikuwa mpigaji mwenyewe, mezani, pamoja na wenzake. Hapo ndipo swali lilipoulizwa: hii tuionyeshe au tuiache? Negativu ilikaa kwenye boksi moja, kwa mtu mmoja. Ucheleweshaji ule haukubuniwa na mtu yeyote kuwa kinga, lakini kinga ilikuwapo.

Simujanja imeuondoa ucheleweshaji huo, na miradi mingi haikuweka kitu chochote mahali pake. Picha ikipigwa saa nne asubuhi, saa nne na dakika moja iko kwenye grupu. Kila mwanagrupu ambaye simu yake hupakua picha yenyewe bila kuulizwa, anayo kwenye galari. Ikiwa galari hiyo inahifadhiwa nakala Google, nakala imekwenda huko pia. Kikao cha kumuuliza mzee kama anaridhia picha ionekane kimepangwa wiki ijayo. Basi siku hiyo ridhaa itaombwa kwa jambo lililokwisha kutendeka.

Tuitazame picha moja kwa karibu. Nasema tuseme tu, ila kila aliyefanya kazi Kanda ya Ziwa ataitambua. Bibi mjane wa miaka 76, wilayani Magu, ameambiwa apige picha ya kinachomchosha kila siku. Anachagua jiko lake: mafiga matatu, kuni mbichi kidogo, samadi iliyokauka pembeni, na moshi umejaa hadi kwenye paa. Mjukuu aliyeshika simu anamgeukia bibi na kumpiga picha, uso umejaa fremu nzima. Macho ya bibi ni mekundu. Ukutani nyuma yake kuna kibuyu kinaning'inia. Juu ya kigoda kuna dawa zake za presha na kitambulisho chake cha NIDA, namba inasomeka vizuri ukiikuza.

Mtafiti akiipokea picha hiyo anaona sura nzima ya tasnifu: moshi wa ndani na afya ya wazee. Jirani mwenye nia mbaya anaona kitu kingine. Usukumani, macho mekundu ya bibi kizee yamechukuliwa kwa miongo mingi kuwa dalili ya uchawi, na vikongwe wameuawa kwa hilo. Yule muuaji hakuambiwa kwamba macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa samadi na kuni alizopikia maisha yake yote, na hata akiambiwa, hakuja kutafuta elimu. Kibuyu kinatosha kumkamilishia ushahidi. Sasa msaidizi mmoja akiifowadi picha hiyo kwa rafiki yake, akaandika chini yake mzaha wa maneno matatu, mnajua itakavyozunguka.

Wala si Usukumani peke yake. Kisii, Kenya, Oktoba 2021, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu katika eneo la Marani kwa tuhuma za uchawi. Pwani, kaunti ya Kilifi, wazee wametuhumiwa na kuuawa kwa miaka mingi, na huko Kaya Godoma, Ganze, kuna mahali pa kuwahifadhi walionusurika. Ukiwasikiliza watetezi wao watakwambia kwamba mara nyingi chini ya neno uchawi kuna shamba linalogombaniwa. Kwa hiyo hata picha isiyo na sura ya mtu, ya mnazi tu, ya jiwe la mpaka, ya hati iliyotolewa sandukuni ili ionyeshe kitu mzee anachokithamini, inaweza kuwa silaha mkononi mwa ndugu anayeisubiri ardhi.

Ndani ya faili la picha kuna jambo ambalo jicho halilioni. Simu nyingi, zikiwa zimeruhusiwa kutumia mahali, huandika ndani ya kila picha tarehe, saa, aina ya simu, na nukta ya ramani ilipopigwa. Chini ya anga wazi nukta hiyo hukosea mita chache tu. Maana yake, aliye na faili ana mlango wa nyumba ya mzee anayelala peke yake. Watu wengine hujiliwaza kwamba WhatsApp huondoa taarifa hizo. Ni kweli huziondoa picha ikitumwa kama picha. Ikitumwa kama dokumenti, jambo ambalo watafiti hupenda kulifanya ili picha isipungue ubora, hubaki zote.

Na kuziba uso hakutoshi. Mjini, uso ukizibwa mtu anapotea kati ya maelfu. Kijijini hatambuliwi kwa uso peke yake. Anatambuliwa kwa kanga yake aliyoivaa harusini kwa binti yake, kwa ng'ombe wake mwenye baka begani, kwa ule mwembe ulioinamia paa. Mwenyekiti wa kitongoji atakutajia jina lake kabla hujamaliza kumwonyesha. Ndiyo maana nasema uamuzi wa kuitoa picha hauwezi kufanywa na mtu wa mjini mwenye programu ya kuhariri. Anayeujua ukoo, mipaka ya mashamba na ugomvi wa kijiji ni mzee mwenyewe.

Lakini je, mzee ameulizwa kweli? Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mgeni akifika na mtendaji wa kijiji, amevaa kitambulisho shingoni, akamwamkia bibi shikamoo kwa heshima zote na kumwomba picha, bibi atasema, "Haya mwanangu, nyie ndio wasomi." Hiyo ni adabu ya kumpokea mgeni. Wengi wetu tunaiandika kwenye fomu kuwa ridhaa, tunamshika mkono, tunachovya dole gumba kwenye wino. Na mzee huyo amezoea kwamba anayekuja na fomu na kamera ni mtu wa msaada. Tanzania atadhani ni TASAF. Kenya atadhani ni Inua Jamii. Yote ni mipango ya serikali ya kuwapa fedha wasiojiweza. Moyoni anajiuliza: nikikataa, jina langu litabaki kwenye orodha? Maadamu swali hilo halijajibiwa kwa sauti, mbele ya mtendaji, ndiyo yake haina uhuru ndani yake.

Wang alikwisha kuliona jambo hili mapema. Mwaka 2001, yeye na Yanique Redwood-Jones waliandika kuhusu maadili ya fotovoisi kutokana na kazi yao Flint, Michigan, Marekani, wakasisitiza ridhaa tofauti: ya anayeshika kamera, ya anayepigwa picha, na ya picha yenyewe kuchapishwa. Kukubali kupiga picha hakumaanishi kukubali kuionyesha. Waliyasema hayo wakati simu ya mkononi haijawa kamera ya kila mtu. Leo tuna sababu kubwa zaidi ya kuzitenganisha ridhaa hizo, na bado nakuta fomu yenye sahihi moja tu, ya siku ya kwanza, inayoruhusu kila kitu mpaka mwisho wa dunia. Mzee ambaye kumbukumbu zinaanza kumtoka anahitaji kuulizwa upya kila kikao. Na aulizwe akiwa na nguvu zake: ukifariki, picha zako tumuulize nani? Ni swali gumu kulitamka, lakini wazee wetu hulijibu bila kusita kuliko sisi tunavyolihofia, na jibu lake huiokoa familia isije ikamwona marehemu wao kwenye bango la semina matanga hayajaanuliwa.

Kuna pia suala la mikono. Kidole kilichokauka kwa jembe mara nyingi hakisomwi vizuri na kioo cha simu. Mtoto wa jicho humfanya mzee asione alichokipiga. Hivyo simu inaishia kwa mjukuu, na kuanzia hapo ni mjukuu anayechagua pembe, anayefuta, anayetuma. Utafiti unaandika "mtazamo wa wazee" wakati umekusanya mtazamo wa kijana wa kidato cha tatu. Hilo ni kosa la kitaaluma. La hatari zaidi ni kwamba binti wa kazi, mkwe, au mjukuu mwenye madeni sasa ana picha za ndani ya nyumba, kadi ya benki, kitambulisho na sauti ya mzee kwenye simu yake binafsi. Tunajua jinsi matapeli wanavyowasaka wazee kwa ujumbe wa kuwataka watume hela kwa namba fulani. Zamani tapeli alikuwa akikisia. Akipata sura, jina, namba ya NIDA na rekodi ya sauti, hana haja ya kukisia, na programu za leo zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde chache tu.

Sauti hizo pia zinapelekwa kwenye huduma za bure za akili mnemba ili zigeuzwe maandishi, na picha zinapakiwa humo ili zielezwe au zipangwe kwa mada. Nawaelewa wanaofanya hivyo. Kunakili saa moja ya mazungumzo ya Kisukuma au Kigiriama kwa mkono ni kazi ya siku nzima au zaidi. Lakini baadhi ya huduma hizo huhifadhi kinachopakiwa na kukitumia kuifundishia mifumo yao. Mzee aliambiwa kwamba sauti yake itasikilizwa na watu wa chuo. Hakuambiwa kuhusu kampuni iliyo ng'ambo ambayo hata mtafiti hajasoma masharti yake.

Asije mtu akasema haya ni mambo ya hisia. Ni mambo ya sheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inaweka masharti hata ya kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ofisi ya kamishna wake haina mzaha: Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na sehemu moja ya starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Kama picha ya mtu aliyekwenda kustarehe ina thamani hiyo, picha ya bibi mgonjwa aliyelala kwenye kitanda cha kamba ina thamani gani?

Basi nini kifanyike kesho asubuhi? Grupu la WhatsApp lifungwe. Sisemi lidhibitiwe au liwekewe admini mkali, nasema lifungwe kwa kazi ya picha. Wazee wapewe simu za mradi zisizo na laini na zisizounganishwa na akaunti ya mtu yeyote, mahali pamezimwa kwenye kamera, nakala za mtandaoni zimezimwa, na mtafiti ajaribu mwenyewe kupiga picha na kuikagua kabla simu haijatoka ofisini. Picha zihamishwe kwa waya, mzee akiwa anatazama, ziingie kwenye kompyuta yenye diski iliyofungwa kwa nenosiri. Kisha zifutwe kwenye simu, pamoja na kwenye kapu la taka la galari, ambalo watu wengi hulisahau.

Halafu rudisheni meza. Chapisheni picha kwenye karatasi kubwa ambayo mwenye mtoto wa jicho ataiona, mzitandaze, mzee azichambue kwa mkono wake: hizi ni zangu mwenyewe, hizi nyinyi mnaweza kuziona, hizi mkuu wa wilaya azione. Printa ya mradi haigharimu sana. Msiende steshenari ya mjini na flashi, maana pale mafaili hubaki kwenye kompyuta ya dukani na kila anayefika kutoa kopi anayaona. Wala simu ya mradi ikiharibika isipelekwe kwa fundi ikiwa na picha ndani.

Wafundisheni wazee, kwa mifano yao wenyewe, kwamba jambo linaweza kuonyeshwa bila sura. Mkono uliokamata ukingo wa ngazi unaeleza habari yote ya zahanati ile. Sufuria iliyoungua inaeleza moshi. Na wajue kwamba nao wakimpiga picha jirani, mtoto wa jirani au mgonjwa mwenzao kliniki, wanabeba dhamana ile ile tunayoidai kwa watafiti. Mjukuu asaidie kushika simu, lakini kitufe kibonyezwe na mzee, hata picha ikitoka imepinda. Picha iliyopinda ni ya mzee, na ndiyo tuliyoifuata.

Kamati za maadili ndizo zenye nguvu ya haraka kuliko sisi sote. Ombi lolote la fotovoisi na wazee lisipitishwe bila kujibu kwa maandishi: picha itakaa wapi dakika ya kwanza baada ya kupigwa, nani ataigusa, itafutwa lini, na mzee akibadili mawazo baada ya miezi sita, mtairudisha vipi? Mtafiti asiyeweza kujibu hayo hajawa tayari kwenda kijijini, hata kama fedha zimekwisha kuingia na muda wa ufadhili unayoyoma. Na mwombaji anayekuja na fomu yenye sahihi moja arudishwe.

Wewe uliye na picha za wazee kwenye simu yako sasa hivi, usisubiri kamati. Waombe wanagrupu wote wafute, mmoja mmoja, kwa kuwapigia simu. Uwezo wa WhatsApp wa kufutia watu wote hudumu siku mbili na ushei tu tangu ujumbe utumwe, na hauondoi kilichokwisha kuhifadhiwa mahali pengine. Kisha rudi kwa mzee umweleze zilikofika.

Na wewe babu, wewe bibi, ambaye pengine unasomewa maneno haya na mjukuu wako: mradi wa utafiti hauna mamlaka juu ya orodha ya TASAF wala ya Inua Jamii. Ukikataa kupigwa picha, au ukikubali leo na kukataa kesho, hela yako haiguswi. Mwambie mgeni hapana, na kama picha amekwisha kuichukua, mwambie aifute ukiwa unamwona.